Alvah Pruitt na Sakafu Iliyolowa

Watu wakisimulia habari za gari husimulia injini, husimulia breki, husimulia jinsi hendeli ya kuwashia ilivyowavunja watu mikono kabla stata ya umeme haijaja. Rangi huisahau. Lakini kwa miaka mingi rangi ndiyo iliyowachelewesha wote, na katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, kuchelewa huko kulilisha nyumba nyingi.

Mwaka 1924 injini ilifungwa asubuhi na jioni ikanguruma. Chasi ilipita kwenye mkanda, huyu akikaza nati, yule akivisha tairi, na mtu hajapata hata njaa ya mchana gari limekwisha simama kwa miguu yake minne. Ila lilisimama uchi. Bodi yake, ile nyumba ya mbao iliyovikwa bati, ilikuwa bado kwenye kiwanda cha Farrand, ghorofa ya tatu, inasubiri kukauka. Ilisubiri wiki nne. Mvua zikizidi, tano.

Rangi nyeusi ilikuwa na njia yake ya mkato: ilichomwa kwenye tanuri kama mkate. Lakini tanuri lilifaa bati tupu, kama madigadi na boneti. Ukiingiza bodi yenye mifupa ya mbao, mbao zinapasuka na gundi inaachia. Na wateja walikwisha choka na weusi. Mke wa daktari alitaka buluu, mwenye benki alitaka rangi ya zabibu. Kila bodi isiyokuwa nyeusi pale kwa Farrand ilipita mikononi mwa Alvah Pruitt.

Alvah alikuwa bosi wa chumba cha vanishi, mtu wa miaka hamsini na mitano, mwembamba, uso umenyolewa mpaka unang'aa. Chini yake walikuwa wanaume thelathini na mmoja. Walipaka rangi ya chini, wakaziba mashimo kwa puti, wakasugua kwa jiwe na maji, wakapaka, wakangoja, wakasugua tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka kufika kumi na nane. Mwisho kabisa ndiyo vanishi. Hapo chembe moja ya vumbi ilitosha kukurudisha nyuma siku tano.

Kwa hiyo chumba kilikuwa na sheria zake. Madirisha yamepigiliwa misumari. Sweta ya sufu haiingii, maana sufu hutoa nyuzi. Ndevu haziingii. Nywele hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kupita mlangoni. Ukisikia chafya inakuja, imeze. Na kila alfajiri, kabla ya mtu yeyote kukanyaga, Alvah mwenyewe aliingia na ndoo ya kunyunyizia maua akalowesha sakafu yote, akianzia dirishani na kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni, asiache unyayo wake.

Kazi hiyo hakumwachia mtu, kwa sababu maji yale ndiyo yaliyomtoa alikotoka.

Aliingia Flint akiwa na miaka kumi na sita, viatu amevifunga kwa kamba. Farrand mzee, ambaye siku hizo alikuwa akitengeneza magari ya farasi, alimpa ufagio. Kila alipofagia, wapaka vanishi walimtukania mama yake, maana vumbi lilinyanyuka likatua kwenye kazi yao. Alvah alikumbuka jinsi huyo mama aliyetukanwa alivyokuwa akinyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Mwingine angekimbilia kusema. Yeye alikwenda kwa mzee akasimama mlangoni.

"Nikikuonyesha namna ya kulaza vumbi, utanitoa kwenye ufagio?"

"Nionyeshe kwanza."

"Niahidi kwanza."

Mzee akacheka, akaahidi. Wiki iliyofuata Alvah alishika brashi, na baada ya miaka kumi na miwili alikuwa bosi. Magari ya farasi yakaisha, yakaja ya injini, na watengeneza hatamu wa mji ule wakabaki na ngozi zisizo na mnunuzi. Mmoja wao aliuza nyumba yake ili ahame. Alvah aliinunua kwa bei ya kutupa na wala hakuona haya. Aliyeshindwa kusoma soko, alisema, asilaumu soko.

Mwezi wa nane mwaka ule wa 1924, Farrand kijana, mtoto wa yule mzee, alimwita ofisini. Mle ndani alikuwamo mgeni aliyevaa suti ya kijivu, kijana wa miaka thelathini hivi, jina lake Benning, fundi kemia na muuzaji wa kampuni moja ya rangi kutoka mashariki ya nchi. Mezani palikuwa na kipande cha bati la buluu.

"Kiguse," alisema Farrand.

Alvah akagusa. Kilikuwa laini na kikavu. "Vanishi ya nani hii?"

"Si vanishi," alisema Benning. "Imetokana na pamba iliyoloweshwa kwenye asidi, jamaa wa karibu wa baruti ya vitani. Vita vimekwisha, baruti imebaki. Hiyo nimeipiga saa tatu asubuhi."

"Asubuhi ya lini?"

"Ya leo, Bwana Pruitt."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano. Alvah alikirudisha kipande mezani polepole, kama mtu anayeshusha yai.

"Inapakwa kwa brashi?"

"Brashi ikigusa mara ya pili imekwisha kauka. Inapulizwa kwa bomba na kompresa, mashine ya upepo. Watu wanne, mabomba manne, bodi nzima kwa siku mbili."

"Mimi ninao watu thelathini na mmoja."

"Mimi ninauza rangi, bwana. Siuzi ajira."

Mtu mwingine angegeuka akatoka akapiga mlango. Alvah alikaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha. Alijua jambo moja kuhusu bidhaa za wageni: nyumbani kwa mwenyewe zote ni nzuri. Farasi hukimbia vizuri kwenye kiwanja cha muuzaji.

"Bosi," alimwambia Farrand, "kipande cha bati si bodi. Tujaribu bodi nzima. Lakini iwe chumbani kwangu, mbele ya watu wangu, kwa sheria zangu. Ikiharibika, vanishi inakaa miaka miwili na huyu bwana haonekani tena hapa. Ikikubali, sitasema neno."

Farrand akamtazama Benning. Benning akatabasamu. "Chumba chochote. Hata zizini nitaipiga."

Walikutana wawili tu kwenye ngazi wakishuka. Alvah aliuliza, "Kesho chumba nikiandae vipi?"

"Sitaki vumbi hata chembe," alisema Benning huku akiwasha sigara. "Kiandae kama unavyokiandaa kwa kazi yako bora kuliko zote."

Na Alvah akakiandaa hivyo. Asubuhi ile ya mwezi wa nane hewa ilikuwa nzito, shati linaganda mgongoni kabla ya chai. Kwa kazi ya kawaida alimwaga ndoo nne. Kwa kazi bora kuliko zote, kama gari la maiti alilowahi kulipaka vanishi kwa mazishi ya meya, alimwaga nane. Siku hiyo alimwaga nane. Sakafu ilimeta kama mto, naye akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akitaka ashindwe au ashinde pasiwe na mtu wa kusema chumba kilikuwa kichafu.

Benning aliingia na bomba lake, macho yote yakiwa kwenye kompresa iliyokuwa ikikohoa. Harufu kama ya ndizi mbivu ikajaa chumbani. Bodi ikageuka buluu upande mmoja, kisha wa pili, na wanaume thelathini na mmoja waliosimama ukutani wakaona kazi yao ya mwezi mmoja ikifanywa kwa muda wa kuvuta kiko. Dolph Stransky, Mcheki mwenye vidole vilivyoliwa na jiwe la kusugulia, ambaye alifanya kazi na Alvah miaka ishirini, alikuwa amevua kofia kama yuko mazikoni.

Mara ile buluu ikaanza kufifia. Ukungu mweupe ukatanda juu ya mlango, ukapanda kwenye nguzo, ukaenea mpaka nyuma. Baada ya dakika kumi bodi nzima ilikuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Duh!" alisema Dolph. "Bwana mkemia, gari limezeeka kabla ya kuuzwa!"

Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Farrand alikunja uso. Benning alitazama bodi, akatazama juu, kisha akatazama chini kwa mara ya kwanza. Akainama akagusa sakafu.

"Nani amemwaga maji?"

"Mimi," alisema Alvah. "Kila siku namwaga."

"Haya." Benning alijifuta kidole kwa kitambaa na kumgeukia Farrand, si Alvah. "Majimaji ya rangi hii hukimbia haraka mno. Yakikimbia yanapoza bati, kama jasho linavyokupoza ukisimama penye upepo. Hewa ikiwa na unyevu, unyevu unatua pale kama kwenye gilasi ya limau baridi, na ule ndio weupe. Mtu akitaka kuiharibu rangi hii bila kuigusa, afanye hivi hasa." Akapiga sakafu kwa ncha ya kiatu. "Kauseni chumba, washeni jiko, kesho nirudie."

Alvah alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Mwambie. Mwambie ulisema niandae kama kwa kazi yangu bora."

"Nilisema sitaki vumbi."

"Na hilo lingine?"

"Bwana Pruitt, nina viwanda vitatu vya kutembelea wiki hii. Nikimwambia mteja kwamba nilisahau kutaja unyevu, nitauza nini?" Wala hakuwa na hasira. Akashuka zake.

Alvah alibaki ameshika mbao za ngazi. Kilichomuuma ni kwamba hakuweza hata kumchukia sawasawa. Angekuwa yeye ndiye mwenye bomba, angesema vilevile.

Aliporudi chumbani, watu wake walimzunguka.

"Umewapiga, Alvah!" alinong'ona mmoja.

"Ndoo nane!" alisema Dolph. "Nilihesabu alama za ndoo. Siku zote nne, leo nane. Mbweha wewe! Na uso umeukausha kama mchungaji."

Hapo ndipo angesema. Neno lenyewe ni fupi: sikujua. Lakini alizitazama nyuso thelathini na moja zilizokuwa zinamtazama kama watu wanavyomtazama mtu aliyeingia motoni kwa ajili yao, na kwa miaka yote ya ubosi hawakuwahi kumtazama hivyo. Walimwogopa, walimheshimu, lakini kupendwa alikuwa hajakuonja. Akanyamaza. Akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, na hilo likawa baya kuliko uongo. Jioni mke wa Dolph alileta nyumbani kwa Alvah sinia ya mikate ya duara yenye jamu ya plamu.

Hettie, mkewe Alvah, alimtazama akila wa pili.

"Ulimwaga kwa makusudi?"

"Hapana."

"Umewaambia?"

"Bado."

"Basi hiyo unayokula ni ya mtu mwingine." Akaiondoa sinia mezani. "Na usisahau nyumba hii tuliinunua kwa nani. Kwa mtu aliyeapa kwamba farasi hawataisha."

Siku ya pili sakafu ilikuwa kavu na jiko limewashwa. Benning alipiga bodi nyingine. Baada ya nusu saa Farrand aliweza kuweka kiganja juu ya mlango na kukiondoa bila alama. Buluu ilikaa buluu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyevua kofia.

Farrand alimwita Alvah ofisini na kufunga mlango.

"Nitakuuliza mara moja. Ulijua au hukujua?"

"Nikisema nilijua?"

"Unatoka leo, na hakuna kiwanda Flint kitakachokupokea. Mharibifu hapokelewi."

"Nikisema sikujua?"

"Basi bosi wangu wa rangi hajui rangi. Hawezi kuwa bosi. Lakini naweza kumtafutia kazi, kwa ajili ya marehemu baba yangu." Farrand alikuna shingo. "Shida si wewe, Alvah. Shida ni huko chumbani. Wanaamini ulifanya makusudi, wanakusifu. Kesho mmoja atatia grisi kwenye kompresa, keshokutwa mwingine atatia mchanga. Nataka uwaambie kwa mdomo wako. Wote wasikie."

Alvah aliinua macho. Kumbe mteja anahitaji kitu. Kwa siku mbili alikuwa hana cha kuuza, na sasa hiki hapa. Tena mali yenyewe ilikuwa ya kweli tupu.

"Mabomba ni manne," alisema. "Benning ana watu wake?"

"Ataleta watu kutoka Detroit."

"Asilete. Nikisema mbele yao, mabomba yaongezwe yawe sita, yote ya watu wangu."

"Manne ndiyo yaliyopo."

"Basi manne. Nitakutajia mimi: Stransky wa kwanza."

"Na wewe?"

"Mimi sijui rangi, umesema mwenyewe. Nipe utakachonipa."

Farrand alifikiri. "Sharti langu: wasijue kwamba tumepatana. Wakijua umelipwa, hawataamini neno. Ukifungua mdomo, wanne nao wanaondoka."

Wakapeana mikono. Ulikuwa mkataba mzuri kwa mtu aliyeingia mikono mitupu, na Alvah alijua hivyo, kwa jinsi mtu anayeuza shamba wakati wa njaa anavyojua kwamba amepata bei.

Alisimama kwenye sakafu kavu mbele ya watu wake.

"Yale maji," alisema. "Sikumwaga kumharibia mtu kazi. Nilimwaga kwa sababu nimezoea kumwaga. Sikujua."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Hukujua nini?"

"Sikujua kwamba maji yanaiharibu."

"Ndoo nane, Alvah," alisema Dolph. Sauti yake ilikuwa bado inamwombea. "Sema vizuri. Nane."

"Nilitaka chumba kiwe safi."

"Safi kwa nani? Kwa ajili ya rangi yake?" Dolph alimsogelea. "Yaani ulikuwa unamsaidia?"

Farrand, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisoma kutoka kwenye karatasi majina manne ya watakaoshika mabomba. Mengine ishirini na saba hayakuwamo. Halafu, bila kuinua macho, alisema kwamba Bwana Pruitt atabaki kiwandani kwa kazi nyingine.

"Ahaa," alisema mtu wa nyuma. "Kumbe."

Dolph aliitwa wa kwanza na hakufurahi. Alipita karibu na Alvah akatema chini, juu ya sakafu ambayo kwa miaka ishirini hakuna aliyethubutu kuitemea.

"Afadhali ungekuwa mwizi," alisema. "Mke wangu alikuokea mikate ya mjinga."

Vanishi ikafa upesi kuliko ilivyokauka. Kufikia masika yaliyofuata, bodi iliyokuwa ikilala mwezi mzima ilishuka ngazi baada ya siku tatu. Ghorofa ya tatu, iliyokuwa imejaa bodi zilizopangwa kama ng'ombe zizini, ikawa tupu. Magari yakatoka buluu, kijani, rangi ya zabibu, rangi ya maziwa, na bei yake ikashuka mpaka mwalimu wa shule akamudu. Ukiona leo gari jekundu barabarani, ujue ni tangu siku zile ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuchagua. Wale ishirini na saba baadhi walikwenda Detroit, baadhi walirudi kulima viazi. Wapangaji wawili waliokuwa jirani na Alvah wakahama bila kumuaga.

Alvah alipewa kazi ambayo Farrand aliieleza kwa mzaha, akidhani ni mzaha mwepesi: "Hakuna ajuaye kuliko wewe maji hufanya nini." Alipewa dekio, ndoo, jiko la kuwasha na saa ya ukutani inayopima unyevu wa hewa. Kila alfajiri aliingia peke yake, akaanzia dirishani na kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akikausha. Sindano ya saa ikiwa juu, anachochea makaa. Ikishuka, anafungua mlango, na wale wanne wanaingia na mabomba yao.

Baridi ilipokuja, waliingia na theluji kwenye viatu. Mlangoni palikuwa na gunia la kujifutia. Siku moja ya mwezi wa kwanza Dolph alilipita gunia kama halipo, akatembea mpaka katikati ya chumba, akikanyaga kwa uzito, madonge ya theluji yakidondoka nyuma yake na kuyeyuka.

"Futa miguu, Dolph," alisema Alvah.

Dolph aligeuka, bomba mkononi, akaangalia chini kwenye vidimbwi vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Samahani, mzee," alisema. "Sikujua."

Wale watatu wakacheka. Kesho yake mmoja wao akafanya vilevile, akasema vilevile, na keshokutwa mwingine, mpaka ikawa ndiyo salamu yao ya asubuhi. Alvah alikuwa na neno moja, la mkataba ule wa ofisini, ambalo lingewanyamazisha wote wanne, na neno hilo lingewatoa wote wanne kazini. Alikuwa ameliuza, na hakuwahi kurudi kwa mnunuzi kudai mali aliyokwisha kuuza.

Aliinama akakausha.